Kubandika na Kubandua

Ingia darasa lolote la kitengo cha elimu maalumu, kuanzia Tanga hadi Kisumu, utakuta vitu vimeandikwa majina yake. Mlangoni MLANGO, dirishani DIRISHA, kwenye ndoo ya kunawia MAJI. Karatasi yake ni manila, au upande wa ndani wa boksi la sabuni. Wino ni wa maka peni. Gundi, kama fungu la zana limekwisha, ni uji mzito wa unga wa ngano, ambao panya nao wanaupenda. Nimekata manila hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya ualimu. Wathibiti ubora wakija hutazama ukutani, hutia tiki penye "zana za kufundishia na kujifunzia", kisha huenda darasa jingine. Sijamsikia hata mmoja akiuliza desturi hii tumeirithi kwa nani.

Nalileta swali hilo kwa sababu ya walimu vijana wanaokuja na simu. Wanaielekeza simu kwenye kadi yenye picha ya ng'ombe, na mara ng'ombe anasimama juu ya meza ndani ya kioo cha simu, anatikisa mkia, jina lake linaelea juu ya mgongo. Meza ni ile ile ya darasani, mkono wa mtoto unaonekana, ila ng'ombe ameongezwa. Wanauita uhalisia ulioboreshwa, na wanauleta kwa watoto wenye usonji, viziwi na wenye ulemavu wa akili kama kitu kilichodondoka jana kutoka mbinguni. Mimi naona kina mababu. Ukoo wake una miaka zaidi ya 200, na anayeujua atakitumia vizuri zaidi kuliko asiyeujua.

Tuanzie Paris mwaka 1800. Katika Taasisi ya Viziwi ya barabara ya Saint-Jacques aliletwa mvulana wa miaka 11 au 12 hivi, aliyepatikana Aveyron, kusini mwa Ufaransa, akiwa ameishi porini na hana neno hata moja. Mkuu wa taasisi, Padri Sicard, alikuwa na njia yake ya kuwafundisha viziwi kusoma: anachora kitu ubaoni, anaandika jina lake pale pale kwenye mchoro, kisha anafuta mchoro na kuliacha neno peke yake. Daktari kijana wa taasisi hiyo, Jean Itard, ndiye aliyemchukua mvulana huyo na kumpa jina la Victor. Akaamua kuijaribu njia ya mkuu wake.

Itard alichora ubaoni ufunguo, mkasi na nyundo. Akavitundika vitu vyenyewe kwenye misumari, kila kimoja na mchoro wake, akaviacha vikae hivyo kwa muda. Alipoviondoa na kumpa Victor, mvulana alivirudisha kila kimoja mahali pake bila kukosea. Hatua iliyofuata ndiyo iliyokwama. Michoro ilipofutwa na kubaki maneno, Victor hakuona chochote ila mistari. Itard hakumlaumu. Alirudi nyuma kabisa, akaanza na duara jekundu, pembetatu ya buluu na mraba mweusi, akapanda kidogo kidogo mpaka kwenye herufi za chuma ambazo mtoto angeweza kuzishika na kuzipanga.

Njia hiyo ndefu ilizaa siku moja ambayo kila mwalimu wa elimu maalumu anapaswa kuijua. Victor alikuwa amezoea kupanga herufi nne za neno LAIT, yaani maziwa, kabla ya kupewa maziwa yake. Siku moja, wakijiandaa kwenda kumtembelea rafiki wa Itard, alizitia herufi zile nne mfukoni bila kuambiwa na mtu. Walipofika alizitoa, akazipanga mezani: LAIT. Neno lilikuwa limeachana na chumba chake, limesafiri.

Lakini Itard alikuwa mwandishi mkweli. Katika ripoti yake ya pili, ya mwaka 1806, alieleza pia jinsi maneno mengine yalivyokataa kusafiri. Victor aliweza kusoma neno LIVRE na kwenda kuleta kitabu kutoka chumbani. Itard akakifunga chumba kwa ufunguo, akamwonyesha neno lile lile mahali palipokuwa na vitabu vingine tele. Mvulana hakuleta hata kimoja. Kwake neno lile lilikuwa jina la kitabu kimoja tu duniani, kile alichokizoea.

Katika kitengo nilichofundisha tulikuwa na kijana aliyelijua neno CHOO vizuri sana. Ukimwonyesha kadi, anainuka na kwenda mwenyewe, jambo ambalo kwa mama yake lilikuwa sherehe. Tulipompeleka kwenye michezo ya wilaya, uwanjani palikuwa na vyoo vilivyoandikwa CHOO kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa matofali. Alisimama mbele ya mlango ule akitaabika, akitafuta kadi yenye kona iliyoliwa na panya. Wenzangu walisema amesahau. Hakuwa amesahau kitu. Alikuwa amejifunza kadi yetu kikamilifu, pamoja na kona yake.

Mtu aliyelipangia tatizo hili hatua zake, kipande kwa kipande, alikuwa Boston, Marekani. Samuel Gridley Howe, daktari, aliendesha shule ya wasioona iliyofunguliwa mwaka 1832, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Perkins. Oktoba 1837 alimpokea Laura Bridgman, msichana wa karibu miaka minane kutoka Hanover, New Hampshire. Homa ya vipele vyekundu ilikuwa imemchukulia macho na masikio akiwa na umri wa miaka miwili, na hata kunusa na kuonja kulibaki kidogo sana. Alikuwa na vidole.

Howe alichukua vitu vya kila siku: kisu, uma, kijiko, ufunguo. Akabandika juu ya kila kimoja karatasi yenye jina lake kwa herufi zilizoinuka. Laura alipapasa kitu, akapapasa maandishi, akaona kwa vidole kwamba mikunjo ya neno la kijiko inatofautiana na ile ya neno la ufunguo kama vitu vyenyewe vinavyotofautiana. Hadi hapo ni darasa langu na ndoo ya MAJI. Kilichofuata ndicho tunachokiacha sisi. Howe alimpa karatasi zile zile zikiwa hazijabandikwa popote. Laura akazitambua, akaiweka ya ufunguo juu ya ufunguo na ya kijiko juu ya kijiko, na kila alipopatia alipapaswa kichwani kwa kupongezwa. Kisha Howe akayakata maneno herufi moja moja, akazipanga mbele yake zifanye neno, halafu akazivuruga ziwe rundo na kumwashiria azipange mwenyewe. Baada ya karatasi zikaja herufi za chuma za kuchomeka kwenye ubao wenye matundu, na baada ya chuma alfabeti ya vidole, ambayo haihitaji chombo chochote.

Howe alikiri kwamba kwa majuma kadhaa alichokiona kilikuwa ni kuiga tu. Mtoto alifanya alichotakiwa bila kujua kwa nini. Halafu siku moja uso wake ulibadilika: alikuwa ameng'amua kwamba anaweza kutengeneza alama ya kitu kilichomo akilini mwake na kumwonyesha mwenzake. Charles Dickens alipozuru Boston mwaka 1842 alikutana na Laura, akaandika habari zake katika kitabu chake cha safari ya Marekani, na jina la msichana huyo likaenea Ulaya nzima.

Mpangilio huo una kanuni ninayoiona kuwa moyo wa kazi yetu. Kila hatua ya Howe inaondoa kitu. Kwanza neno linaondoka juu ya kitu, kisha herufi zinaachana na neno, na mwisho chombo chenyewe kinawekwa kando. Kibandiko kilibandikwa kwa nia ya kubanduliwa.

Historia ina kejeli zake pia. Herufi za vibandiko vya Laura zilikuwa umbo alilolibuni Howe mwenyewe, herufi za Kirumi zilizoinuliwa ili macho ya mwalimu nayo yaweze kuzisoma. Wakati huo huo Ufaransa palikuwa na kijana asiyeona, Louis Braille, ambaye mwaka 1829 alikuwa amekwisha kuchapisha maandishi yake ya nukta sita, yaliyotengenezwa kwa ajili ya kidole. Howe hakuyataka. Shule yake iling'ang'ania herufi zake hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20, muda mrefu baada ya yeye kufa. Leo hakuna anayezisoma. Herufi za Howe zimekufa, hatua za Howe zinaishi. Naomba msomaji aliweke hilo karibu, tutalihitaji tukifika kwenye miwani ya kompyuta.

Mwaka 1887 mhitimu wa Perkins, Anne Sullivan, ambaye akiwa mwanafunzi aliishi na Laura nyumba moja na kujifunza kwake alfabeti ya vidole, alikwenda Tuscumbia, Alabama, kumfundisha Helen Keller. Wengi wanaikumbuka habari ya bomba la maji, ambako maana ya neno ilimfungukia Helen kwa mara ya kwanza. Mimi napenda zaidi habari ya kabati, ambayo Helen mwenyewe aliieleza alipoandika maisha yake. Alikuwa na vipande vya kadibodi vyenye maneno yaliyoinuka, na mchezo wake ulikuwa kuvipanga pamoja na vitu: anamlaza mwanasesere kitandani, anaweka kando yake maneno ya kutimiza sentensi. Siku moja alichukua neno la "msichana", akalibana kifuani kwenye nguo yake, akaingia kabatini na kusimama humo, huku maneno mengine ya sentensi ameyapanga kwenye rafu. Msichana yumo kabatini. Mtoto asiyeona wala kusikia alijibandika jina, akajiingiza mwenyewe ndani ya sentensi. Kila ninapoonyeshwa programu mpya ya simu naipima kwa kabati hilo: je, mtoto anaweza kuingia ndani ya mchezo, au anatazama tu?

Kazi ya Itard iliendelea kwa mwanafunzi wake Édouard Séguin, aliyetengeneza mbao zenye matundu ya maumbo kwa watoto wenye ulemavu wa akili, kisha kwa Maria Montessori. Mama huyo, daktari wa Roma, alivisoma vitabu vya Itard na Séguin akavitafsiri kwa Kiitaliano na kuvinakili kwa mkono wake ili asiache neno likampita. Herufi zake za msasa na kadi za majina ambazo mtoto huzisoma na kwenda kuziweka kwenye kitu husika zilitokana na watoto wenye ulemavu aliowafundisha kabla ya kufungua Nyumba ya Watoto mwaka 1907. Wazazi wanaolipa ada kubwa mjini ili watoto wao wasome "Kimontessori" wanalipia zana zilizobuniwa kwanza kwa watoto ambao shule nyingine ziliwakataa.

Afrika Mashariki ukoo huu uliingia kwa mlango wa misheni. Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika, Kenya, mwaka 1946. Kanisa la Anglikana likafungua ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Tabora ikapata shule ya wasioona ya Furaha mwaka 1962 na ya viziwi mwaka uliofuata. Zana zilikuwa kibao na stailasi, ambavyo kwavyo mtoto huchoma nukta kutoka kulia kwenda kushoto ili akiigeuza karatasi azisome kutoka kushoto kwenda kulia. Baadaye ikaja mashine ya Perkins, kutoka shule ile ile ya Boston. Aliyeibuni alikuwa David Abraham, mwalimu wa useremala pale Perkins, na ilianza kutengenezwa mwaka 1951. Ina vitufe sita vya nukta, kimoja cha nafasi, kimoja cha kurudi na kimoja cha kushuka mstari. Haitaki umeme. Ikianguka inapinda, ikijaa vumbi inagoma, lakini fundi mwenye bisibisi na subira anaifufua. Nimeziona mashine zenye umri mkubwa kuliko walimu wanaozitumia.

Sisi wa vitengo, tuliopokea watoto wa kila aina katika chumba kimoja pembeni mwa shule ya kawaida, hatukuwa na mashine wala kibao. Tulikuwa na manila. Chuoni tulifundishwa kuandika andalio la somo na kutengeneza zana kwa vitu vya mazingira: vifuniko vya soda kwa kuhesabu, mchanga kwenye sinia kwa kuandika kwa kidole. Kubandika tulifundishwa vizuri. Kubandua hakukuwemo kwenye somo. Ndiyo maana utakuta darasa ambamo neno MLANGO limekaa mlangoni hadi likapauka, na watoto waliojifunza kulipita bila kuliona.

Sasa turudi kwenye simu, kwa njia ya mababu zake wa upande wa pili. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani kilichomwezesha mtu kuona maumbo ya mistari yakielea ndani ya chumba halisi. Kilikuwa kizito mno kwa shingo, ikabidi kining'inizwe kwenye dari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya ndege ya Boeing walitafuta njia ya kuwasaidia mafundi waliokuwa wakipanga nyaya nyingi kwenye mbao kubwa. Walitaka fundi avae chombo kitakachomwonyesha, juu ya ubao wenyewe, waya huu unapita wapi. Jina la fani nzima lilizaliwa hapo, kiwandani, kwa sababu ya mtu mzima aliyehitaji kuambiwa kitu ni kipi na kiende wapi. Shida yake ilikuwa ile ile ya Laura na kijiko.

Mlango wa shule ulifunguliwa na karatasi. Mwaka 1999 Hirokazu Kato wa Japani na Mark Billinghurst, aliyekuwa Seattle, walitoa programu iliyoweza kutambua mraba mweusi uliochapwa kwenye karatasi ya kawaida na kusimamisha picha juu yake. Kadi ya karatasi ikawa kibandiko tena. Programu yao ilitolewa wazi, yeyote aliweza kuichukua na kuibadilisha. Miaka miwili baadaye walionyesha, pamoja na Ivan Poupyrev, kitabu ambacho ukikitazama kupitia chombo cha mkononi picha zinainuka kutoka kwenye ukurasa. Ninachowasifia zaidi ni kwamba ukikiweka chombo kando, kitabu kinabaki kitabu: kurasa zinafunuliwa, maneno yanasomeka.

Kutoka hapo watafiti wa elimu maalumu walianza kuja mmoja mmoja. Tijuana, Meksiko, Lizbeth Escobedo, Monica Tentori na wenzao walikaa na walimu wa watoto wenye usonji. Waliona walimu hao wakihangaika kutengeneza alama za karatasi za kumsaidia mtoto akazie macho kitu kimoja, wakawatengenezea programu ya simu inayoweka alama, maandishi na sauti juu ya kitu chenyewe. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2014. Walianza kwa kutazama mwalimu anafanya nini kwa mkasi na karatasi, na kwa hilo nawaheshimu.

Cambridge, Uingereza, Zhen Bai alishughulikia jambo gumu zaidi: mchezo wa kujifanya. Watoto wengi wenye usonji hupata taabu kulichukua pande la mbao na kusema hili ni gari. Yeye aliwawekea watoto wa miaka 4 hadi 7 skrini iliyofanya kazi ya kioo cha kujitazamia. Mtoto akiinua pande la mbao, kwenye kioo anajiona ameshika gari, na mkononi bado ana pande la mbao. Hiki ni kibandiko cha aina nyingine kabisa. Kinabandika juu ya kitu jina ambalo si lake, ili mtoto ajue kwamba binadamu wana ruhusa ya kufanya hivyo.

Stanford, California, kundi la Catalin Voss na Dennis Wall lilitumia miwani ya Google yenye kamera. Mtoto akimtazama mama yake, programu inasoma uso wa mama na kumwonyesha mtoto kwenye kona ya jicho alama ya furaha, hasira au mshangao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalihusu watoto 71 wenye umri wa miaka 6 hadi 12. Watoto 40 walipewa miwani juu ya tiba yao ya kawaida, 31 waliendelea na tiba ya kawaida peke yake. Miwani ilivaliwa nyumbani dakika 20, mara nne kwa wiki, kwa wiki sita. Wazazi walipoulizwa maswali ya kupima mahusiano ya mtoto na watu, watoto wa miwani walionekana kupiga hatua zaidi. Wengine wamezitazama takwimu. Mimi nilizitazama zile dakika 20. Waliopanga hivyo walikuwa wanajua kwamba miwani ni ya kuvuliwa.

Halafu miwani yenyewe ikaondoka. Ilikuwa imetolewa mwaka 2013 kwa dola 1,500. Uuzaji wake kwa watu wa kawaida ulisimama mwanzoni mwa 2015, na toleo la makampuni likasimamishwa Machi 2023. Programu ya Aurasma, iliyoanza mwaka 2011 na kupendwa sana na walimu wa Marekani na Uingereza kwa sababu iliwaruhusu kuficha video nyuma ya picha yoyote ya ukutani, ilibadilishwa jina ikaitwa HP Reveal, na kufikia 2020 ikawa imefungwa. Mwalimu aliyekuwa amejaza ukuta wake video alibaki na ukuta wa karatasi bubu. Gundi ya ngano huliwa na panya, lakini mwalimu huipika nyingine jioni ile ile. Huduma iliyofungwa ng'ambo hana namna ya kuifufua.

Nilipokuwa karibu kustaafu alikuja mwanachuo wa mazoezi ya kufundisha, binti mchangamfu, na kadi zake za wanyama kwenye bahasha.

"Shikamoo mwalimu. Naomba nimjaribu nazo yule asiyetulia."

"Marahaba mwanangu. Mjaribu, lakini usiwe na haraka naye."

Mvulana mwenyewe ana usonji, na kitu kilichomtuliza siku zote kilikuwa magurudumu. Ng'ombe aliposimama juu ya dawati ndani ya simu, alinyamaza. Akaiinua kadi, akachungulia chini yake. Hakuna ng'ombe. Akarudi kwenye simu: yupo. Binti alitaka kwenda kwa mbuzi, nikamshika mkono. Mtoto alikuwa anauliza swali ambalo hatukuwa tumemsikia akiuliza kabla: kilichomo humu na kilichopo hapa vinahusianaje? Tukamtoa nje, nyuma ya shule, ambako majirani hufunga ng'ombe wao. Alimtazama ng'ombe, kisha akapapasa mfuko wa gauni la binti kutafuta simu. Alitaka ng'ombe huyu naye awekewe jina juu ya mgongo. Nikampa neno lililoandikwa kwenye manila, akalishika muda wote tuliokuwa pale. Siku zilizofuata kazi ilikuwa kadi bila simu, halafu kadi na picha ya ng'ombe wa rangi nyingine, halafu kadi na ng'ombe wa jirani tena. Alipatia siku fulani, siku nyingine akaitupa kadi. Hivyo ndivyo inavyokwenda.

Kwa wenzetu wa viziwi kuna jambo ambalo wauzaji hawalioni mpaka waambiwe. Mtoto kiziwi anaongea kwa mikono. Ukimpa simu aishike, umemziba mdomo. Tena macho yake ndiyo masikio: akitazama kioo cha simu, hamwoni mwalimu anayeongea naye. Kwa hiyo simu isimame kwenye kishikizo, somo lipangwe kwa zamu, kwanza tazama, kisha ongea. Na anayeonekana kwenye video akiashiria awe kiziwi mwenyewe, kwa lugha ya alama ya nchi yake. Nairobi, kampuni ya eKitabu imefanya hivyo kwa hadithi za watoto, zikisimuliwa kwa Lugha ya Ishara ya Kenya na viziwi. Hiyo ni video ya kawaida kwenye kitabu cha kidijitali, haina ng'ombe wa kuelea, lakini mwenye lugha ndiye aliyekabidhiwa kazi. Louis Braille angeielewa mara moja.

Kwa hiyo siwakatazi vijana simu zao. Itard angeifurahia, naye Howe angeigombania. Ninachotaka ni vyuo vyetu vya ualimu vifundishe zana hii pamoja na ukoo wake: kitabu kimoja cha Victor, karatasi za Laura, kabati la Helen. Na mkuu wa shule akiletewa programu ya aina hii na mradi au kampuni yoyote, kabla ya kuuliza bei aulize mambo mawili. Kampuni ikifunga milango, kadi hizi zitabaki na kazi gani? Na ni hatua zipi, wiki kwa wiki, zitakazomfikisha mtoto mahali ambapo haihitaji tena? Howe alikuwa na jibu la swali hilo la pili mwaka 1837, kwa karatasi, mkasi na gundi. Muuzaji wa leo asiye nalo asipewe saini ya shule.